Kupanda Kilima Bila Kusimama

Sipendi mazoezi. Nalisema mapema kwa sababu watu wanaoniona siku hizi asubuhi nikitoka Majengo, hapa Sumbawanga, na jembe begani wanadhani nimekuwa mtu wa mazoezi, na kuna wanawake wawili watatu ambao wamefikia kunitolea mfano kwa waume zao. Wananionea, na waume zao wanaonewa zaidi. Mimi napenda kukaa. Kazi yangu niliichagua ujanani kwa sababu hufanyika mtu akiwa amekaa, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekaa kwenye baraza la duka moja hapo Majengo, nyuma ya cherehani, nikishona sare za shule, suruali za maharusi na magauni ya komunyo ya kwanza. Mwenye duka, mama wa Kiislamu mwenye ulimi wake, hunitania kwamba siku moja atanifuta vumbi kwa kusahau, akidhani mimi ni sehemu ya samani.

Mke wangu alikuwa kinyume changu. Alikuwa mwembamba, mwepesi, hatulii. Angeweza kwenda sokoni na kurudi kabla sijamaliza pindo la suruali moja, na akirudi anaanza kufagia. Ndiyo maana nilikuwa nashangaa kila tulipokwenda nyumbani.

Nyumbani kwetu ni kijiji cha Msanzi, mimi na yeye wote ni wa huko. Kila mwaka tulikwenda mara mbili, Krismasi na baada ya mavuno. Gari hutushusha barabarani, ndugu hushuka kutupokea, halafu wote tunapanda kilima kirefu hadi kwenye nyumba waliyoacha wazazi wangu, ambamo sasa anakaa mdogo wangu. Basi yule mwanamke asiyetulia, akifika kwenye kile kilima, anakuwa mzito ghafla. Kwenye mikaratusi ya mwanzo atainama afunge kiatu. Nusu ya njia, kwenye jiwe kubwa, atataka kutazama mashamba ya ng'ambo ya bonde, nani kalima na nani kaacha. Juu kidogo, penye kichuguu, kanga imelegea, ataifungua na kuifunga upya taratibu kana kwamba anavaa kwenda kanisani. Na ndugu wote wanasimama naye. Mimi ndiye niliyekuwa nalalamika. Nilimwambia mbele ya watu, "Wewe mwanamke, tungekutegemea wewe tungefika Pasaka." Alikuwa anacheka tu, na kuendelea kufunga kanga.

Alifariki mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado nzito, baada ya kuugua wiki mbili. Tulimpeleka Msanzi. Gari halikuweza kupanda, udongo ulikuwa unateleza, kwa hiyo jeneza lilishushwa barabarani. Kwetu wanaume hupokezana jeneza mabegani, na mume halazimiki kubeba. Nafasi yake ni nyuma, pamoja na wafiwa. Lakini nilitaka. Niliona kwamba nimekaa maisha yangu yote na mwanamke huyu, huku nikitumikiwa, sasa walau nimbebe. Nikashika upande wa mbele kushoto.

Wenzangu walikuwa wakulima, watu wanaopanda kilima kile na gunia la mahindi. Wakaenda mwendo wao, wanaimba. Kabla hatujafika kwenye mikaratusi pumzi ilikuwa imekwisha. Mtu mmoja aliona, akaingiza bega lake chini ya langu, akanitoa. Nikajaribu kufuata nyuma. Nilipofika kwenye mikaratusi nikakaa chini kwenye majani yaliyolowa, na jeneza likaendelea, na nyimbo zikaendelea, nikabaki pale nasikia moyo wangu unapiga masikioni.

Katekista alisimamisha mazishi. Kijiji kizima kilisimama kuzunguka kaburi kwenye manyunyu, kikimsubiri mume wa marehemu apande kilima. Nilifika nimeshikwa mikono na wanawake wawili, huku na huku. Watu wakasema, maskini, uchungu umemzidi. Nikawaacha waseme. Uchungu ulikuwepo, Mungu anajua, lakini kilichonikalisha chini pale hakikuwa uchungu. Kilikuwa kitambi changu.

Hiyo ndiyo aibu niliyorudi nayo Sumbawanga. Kwetu kaburi huachwa litulie msimu mmoja wa mvua, halafu mwaka unaofuata, watu wakishavuna, ndugu hukutana kulijengea na kuweka msalaba. Niliapa kwamba msalaba ule nitaubeba mimi, kutoka barabarani hadi kaburini, na sitasimama popote. Sikumwambia mtu. Safari hii hakuna atakayenisubiri.

Baada ya kuapa nikakaa. Kuapa hakuchoshi miguu. Nilishona, nikala, nikalala. Nyumba yetu ni ya vyumba vitatu na vyote vilikuwa vimekuwa vikubwa. Kitu kilichonishinda zaidi ni ugali: ugali wa mtu mmoja hausongeki, ukipunguza maji unashika sufuria, ukiongeza unakuwa wa wawili. Kila siku nilisonga wa wawili na kuula wote. Watoto wetu wako mbali, mmoja Dodoma na mwingine Mwanza, na simu za Jumapili zilikuwa na maswali yale yale, umekula baba, umelala vizuri. Nilikuwa nimekula sana na kulala vibaya.

Mwezi wa saba kichwa kiliniuma siku tatu mfululizo, nikaenda kupima. Presha ilikuwa juu. Nesi alikuwa binti wa umri wa mwanangu, na alinisalimia shikamoo vizuri kabla hajaanza kunihukumu.

"Baba, unafanya mazoezi?"

"Nakanyaga cherehani kutwa nzima."

"Hapo miguu ndiyo inatembea, baba. Wewe umekaa."

Akaniagiza nipunguze chumvi na mafuta, na kila siku nitembee nusu saa kwa mwendo wa haraka. Nikamuuliza haraka kiasi gani. Akasema, kiasi cha kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

"Niongee na nani?" nikamuuliza.

Akacheka, akidhani natania, akaita mgonjwa mwingine.

Nilianza kesho yake. Wanaoijua Sumbawanga wanajua upepo wa mwezi wa saba na wa nane, unavyoingia kwenye mikono ya koti na kutokea shingoni. Nilivaa makoti mawili, nikashika njia ya kutoka mjini kuelekea upande wa milima ya Mbizi. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyochukia ile nusu saa. Kifua kilikuwa kinawaka, mapaja yanasuguana, machozi yananitoka kwa baridi. Watu huandika kwamba ukitembea asubuhi mawazo yanatulia. Yangu yalinikuta njiani yakiwa yamelala vizuri kuliko mimi.

Na shida kubwa haikuwa miguu, ilikuwa watu. Kwetu mtu mzima hatembei haraka mikono mitupu bila sababu. Kila niliyepishana naye alisimama.

"Fundi, kwema?"

"Kwema."

"Mbona mbio?"

"Natembea tu."

"Unatembea tu kwenda wapi?"

Nikisema siendi popote, wanaangaliana. Na mji wetu, watu wa mikoa mingine wameshausema vya kutosha kwa uchawi. Mtu anayezunguka pembeni ya mashamba ya wenzake jua halijatoka, huku anahema, hana haja ya kujieleza, wengine watamweleza. Wiki ya pili nikatafuta kitu cha kubeba. Nyuma ya mlango wa jikoni lilikuwepo jembe la mke wangu, mpini wake umelainika sehemu mbili ambapo alikuwa anashika. Nikaliweka begani. Mtu mwenye jembe haulizwi.

Siku tatu nilikwenda kwa amani. Siku ya nne nikagundua kosa langu, kosa ambalo mtoto wa mkulima hakupaswa kulifanya. Nilikuwa nimepita nyumba za mwisho, nakaza mwendo kama nesi alivyosema, nikasikia viatu nyuma yangu. Nikageuka. Wanaume watatu walikuwa wananifuata kwa haraka, mmoja ana koleo, mmoja sururu, na mzee mmoja mrefu ana jembe. Nikasimama. Wakanifikia, wakavua kofia.

"Pole, kaka," mwenye koleo akasema. "Ni nani?"

"Nani nini?"

"Nani kafariki?"

Ulikuwa mwezi wa nane. Ardhi imekauka, mazao yako ndani, hakuna mtu wa huku Ufipa anayelima mwezi wa nane. Mwanaume mwenye jembe begani wakati huo, anayekwenda haraka, hana kikapu wala mbegu, anakwenda mahali pamoja tu, kuchimba kaburi. Na kwenye kuchimba kaburi watu hawasubiri kuitwa. Wale watu walikuwa wameacha chai mezani.

Nikawaambia ukweli. "Hakuna aliyekufa. Nafanya mazoezi."

Yule wa koleo akaanza kucheka, na wa sururu akamfuata, wakacheka hadi wakashikana mabega. Mzee hakucheka.

"Sasa jembe la nini?" akaniuliza.

"Watu wasiniulize ninakwenda wapi, mzee."

Alilitazama lile jembe muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. "Hili ni jembe la mwanamke," akasema.

"Ni la marehemu mke wangu."

Wale wawili wakaacha kucheka. Wakasema pole, wakavaa kofia zao, wakarudi kwenye chai yao. Nilisimama pale njiani na upepo, na wazo nililolipata halikuwa zuri, lakini nalisema. Niliwaza kwamba watu hawa wamekuja mbio kwa maiti ambaye hayupo, na mimi niliye hai, tangu arobaini ya mke wangu hakuna aliyekuja kwangu hata kunywa maji. Simlaumu mtu, kila mmoja ana shughuli zake, na nikialikwa mimi mwenyewe huwa siendi. Lakini ndivyo nilivyowaza, na niliporudi nyumbani nililia nikiwa nimesimama jikoni na makoti yote mawili mwilini.

Tangu siku hiyo kila nikipita kwa yule mzee alikuwa yuko nje, akiota jua la kwanza ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado hajafa mtu?"

"Bado."

"Haya, pita."

Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yangu marefu kuliko yote kabla ya saa mbili asubuhi, na siku nyingine hadi jioni. Nilianza kuyategemea. Kuna asubuhi nilizotoka kitandani si kwa ajili ya presha, wala kwa ajili ya kile kiapo, bali nimsikie mzee akiniruhusu kupita.

Nilijaribu pia njia ya wengine. Kuna kikundi cha jogging hapo mjini, wanakimbia Jumamosi wakiimba mchakamchaka, na kwa kuwa mimi ndiye niliyewashonea suti zao za mazoezi, wakanivuta. "Mzee, twende, taratibu tu, poa kabisa." Walikimbia taratibu yao. Baada ya kona ya pili nilikuwa nazisikia nyimbo kwa mbali, na msichana mmoja mwenye huruma amebaki nyuma kunisindikiza, akikimbia mahali pamoja ili nimfikie. Nilimwomba kwa heshima zote aniache. Kuachwa nyuma na watu wanaoimba nilishakujua, sikuhitaji kujifunza tena.

Mvua ziliponyesha niliendelea kwenda, kwa hasira zaidi kuliko kwa nia. Mwezi wa pili mzee akanisimamisha. "Sasa lile jembe lina kazi," akasema. "Ingia shambani."

Alikuwa anapiga ntumba. Hii ndiyo kazi ya kwetu: mvua zikiwa bado zipo na majani yamekuwa marefu, unayakwangua na udongo wake, unayakusanya duara, unayafunika kwa udongo hadi linakuwa tuta la mviringo lenye kimo cha goti. Majani yanaozea ndani. Msimu unaofuata unayatawanya matuta yale na kupanda ulezi juu ya mbolea ambayo hukuinunua. Kilima kizima kinajaa ntumba moja kando ya nyingine. Mama yangu alizipiga hadi mgongo ukakataa kunyooka, na mimi nilikimbilia cherehani ili nisizipige. Sasa nilikuwa nimerudi kwa hiari yangu, bure, kwenye shamba la mtu mwingine.

Siku ya kwanza nilipiga tatu nikalala chali kwenye majani. Mzee alikuwa amemaliza mstari. Hakunicheka wala hakunisifu, aliniambia tu kwamba naliegemea sana jembe, nishike mpini pale palipolainika. Nikashika. Vidole vyangu vikaingia kwenye alama za mke wangu, ndogo kidogo kwa mkono wangu, na nikalima hivyo hadi saa mbili. Nilikwenda kila asubuhi hadi Pasaka. Tulikuwa hatuongei. Yeye alianzia upande mmoja, mimi mwingine, na tulipokutana katikati aliniambia, "Haya, kesho," akaondoka. Nililipenda lile neno kesho kuliko nilivyopenda kulima. Kulima sikukupenda hata siku moja.

Mwili ukaanza kubadilika bila kuniomba ruhusa. Suruali zikawa zinashuka. Hapo nikakumbana na jambo ambalo fundi mwenzangu atalielewa: kiuno changu tangu tuoane alikuwa akinipima mke wangu. Mtu hawezi kujipima vizuri, ukishika tepu kwa mbele inashuka kwa nyuma. Nilichofanya ni kupigilia ncha ya tepu kwenye fremu ya mlango kwa msumari mdogo, nikajizungusha hadi tepu ikaniviringa. Nikasoma. Nilikuwa nimepungua inchi nne. Nikasimama pale nimefungwa kwenye mlango wangu mwenyewe, nikitafuta wa kumwambia.

Mwenye duka naye aliona. "Fundi, unaumwa?"

"Siumwi, mama. Mazoezi."

"Mh. Kila anayekonda anasema mazoezi. Watu wanauliza, mimi sijui niwajibu nini."

"Wajibu mazoezi."

Hakuridhika. Kesho yake alinitumia migebuka wawili wakubwa kutoka kwa ndugu zake wanaoleta samaki toka Kabwe, ziwani, wenye mafuta yao yote, na ujumbe kwamba nisidharau tumbo. Niliwala wote wawili siku moja. Nesi asisikie.

Basi mwezi wa saba ukafika. Msalaba niliuagiza kwa fundi wa kuchomelea, wa chuma, uliopakwa rangi nyeupe, wenye jina lake na miaka yake. Watoto walikosa ruhusa kazini, wakatuma walichoweza na kuahidi Desemba. Nilikwenda peke yangu, msalaba umefungwa juu ya gari pamoja na magodoro ya watu.

Ndugu walikuwa wameshuka barabarani kunipokea kama zamani. Alikuwepo mdogo wangu na mkewe, walikuwepo binamu wanne watano, na alikuwepo dada mdogo wa mke wangu, shemeji yangu, ambaye ameolewa hapo hapo Msanzi na anafanana na dada yake kiasi cha kunifanya niangalie pembeni. Mdogo wangu akataka kuupokea msalaba. Nikakataa. Nikauweka begani.

"Tupokezane, shemeji," mdogo wa mke wangu akasema. "Hata Bwana Yesu alisaidiwa."

"Mimi sisaidiwi."

Nikatangulia. Chuma kilikuwa kizito kuliko nilivyokisia, kona yake ilinichimba shingoni, lakini miguu ilikuwa inaijua kazi. Nilihesabu pumzi. Mikaratusi ikakaribia, na moyo ukanienda mbio kwa woga, kwa sababu ndipo nilipokalishwa chini mwaka uliopita. Nikaipita. Niliipita natembea, pumzi ipo, na furaha niliyoipata nilitaka kugeuka niwaonyeshe watu uso wangu.

Nikageuka. Hawakuwa nyuma yangu. Wote walikuwa wamesimama kwenye mikaratusi, mdogo wangu na mfuko wa saruji begani, wanawake na masufuria kichwani. Hakuna aliyekuwa amechoka. Walikuwa wamesimama tu.

"Mbona mmesimama?"

Wakaangaliana. "Mazoea, shemeji," mdogo wa mke wangu akasema. "Wewe endelea."

Nikaendelea. Kwenye jiwe kubwa nikasikia hatua zao zikipungua nyuma yangu, zikataka kusimama, halafu zikakumbuka na kuja. Penye kichuguu alisimama shemeji peke yake. Nilipotupa jicho alikuwa ameweka sufuria chini na anaifungua kanga yake, na kanga haikuwa imelegea. Nilikwenda hadi juu, hadi kaburini, sikusimama popote. Nikauegemeza msalaba kwenye mti. Nilikuwa na pumzi ya kuongea na pumzi ya kuimba. Nilikuwa wa kwanza kufika.

Wakati mdogo wangu anachanganya saruji nilimwita shemeji pembeni nikamuuliza yale mazoea ni ya nini. Hakutaka kusema. Nikamwomba.

"Ni dada," akasema. "Mwaka ule wewe ulipoanza kunenepa, alitukalisha wote. Akatuambia, mume wangu akishuka kwenye gari msimpite, na msimuulize kama amechoka. Mimi nitasimama, na nyinyi msimame."

"Na kiatu?"

"Kiatu kilikuwa kimefungwa, shemeji. Alisema wewe huwezi kukubali kupumzika mbele ya wadogo zako. Sehemu zile tatu alizipima mwenyewe, kwa kukusikiliza unavyohema."

Nikamwangalia. Kumbe kilima kizima kilijua. Miaka yote nilikuwa nasimama pale namcheka kwa uzito wake, mbele ya watu waliokuwa wamesimama kwa ajili yangu, na yeye anacheka nami.

"Na siku ya mazishi?" nikauliza.

Macho yake yakajaa. "Siku ile tulisahau. Yeye ndiye aliyekuwa anatusimamisha."

Wakaniita nishike msalaba usimame wima wakati saruji inamiminwa. Nikaushika. Katekista akasali, tukaimba, na mimi niliyekuwa na pumzi yote ya kuimba sauti haikutoka. Nilikuwa nimehangaika mwaka mzima, kwenye upepo na kwenye matope, ili niweze kupita bila kusimama mahali pale mke wangu alipokuwa akinisubiri.

Nililala nyumbani, na asubuhi nikaaga mapema. Mdogo wangu alitaka kunisindikiza barabarani, nikamwambia abaki, nitashuka mwenyewe. Kushuka hakuna kazi, hata zamani hakukunishinda. Penye kichuguu nikasimama. Kwenye jiwe kubwa nikasimama, nikatazama ng'ambo ya bonde, nani kalima na nani kaacha. Ntumba za mwaka huu zilikuwa nyingi upande wa kushoto, upande wa kulia kumeota majani. Gari nilikuwa nalisikia kwa mbali linapanda kutoka bondeni, na nilijua likinipita nitasubiri hadi mchana. Kwenye mikaratusi nikainama, nikafungua kamba za kiatu cha kulia, nikazifunga tena taratibu, halafu na cha kushoto.